Juu ya uwindaji wa nyama wa pori katika nchi ya Masisi na Walikale

Katekista wetu wa upande wa Kashebere waulizwa mara kwa mara swali moja ambalo katekismu yao ndogo hailijibu: mkristu anayetega nyama porini, je, atenda dhambi? Wengine hujibu upesi kwamba si dhambi, kwani Mungu alimpa mtu nyama wote. Wengine, hasa vijana waliosoma mjini, hujibu upesi vilevile kwamba ni dhambi, kwani Serikali imekataza. Majibu yote mawili ni mafupi mno. Tena yote mawili yasahau kwamba swali hili lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa kwetu, katika milima na mapori ya Kivu.

Kashebere ni mahali pa mpaka. Barabara itokayo Sake na Masisi yapita Nyabiondo, yafika Kashebere, kisha yashika njia ya Walikale. Nyuma yako waacha milima ya malisho na mashamba. Mbele yako lakungoja pori kubwa. Lakini Masisi nayo ilikuwa nchi ya pori. Kuanzia mwaka wa 1937 Serikali ya Wabeleji ilileta watu wa Rwanda katika Gishari, na kazi hiyo iliendelea hata mwaka wa 1955. Plantasyo za Wazungu ziliongezeka. Baada ya mwaka wa 1973, mali za wageni zilipogawiwa wakubwa wa Zaire, malisho ya ng'ombe yalipanuka tena. Nataja hayo tangu mwanzo, kwa sababu watu hupenda kusema kwamba nyama wamekwisha kwa ajili ya mitego ya wenyeji. Kwa maoni yangu, katika Masisi shoka na malisho vimefukuza nyama wengi kuliko mtego wa mwanakijiji, na wenye malisho hawakupata kuitwa wezi wa nyama.

Nkambo zetu, Wahunde na Wanyanga, na Watembo jirani zao, walilima ndizi na kuwinda pamoja. Waliwinda kwa mkuki, kwa mitego ya kamba za miti, na kwa mbwa aliyefungwa kengele shingoni ili mwenyewe amsikie kichakani. Watwa walikuwa walimu wa wote katika mambo ya pori. Msidhani kwamba kila mtu aliua kama alivyopenda. Pori lilikuwa na wenyewe, ukoo kwa ukoo, na mtu wa mbali sherti aombe. Kila ukoo ulikuwa na mwiko wake, nyama ambaye watoto wake hawamli hata wakiwa na njaa. Chui hakuwa mali ya yule aliyemwua. Ngozi ilipelekwa kwa mwami. Kwa Walega, upande wa kusini, kakakuona alikuwa chini ya ulinzi wa bwami: hapana ruhusa kumwua kusudi, na akikutwa amekufa, nyama yake sherti igawanywe na wakubwa wa bwami kwa taratibu zake.

Wamisionari wa kwanza waliyaona mambo hayo, wakayaita ushirikina, na katika sehemu fulani walisema kweli, kwani dawa za kuwinda na matambiko ya pori yalikuwa ndani yake. Walakini mtu aliyesoma filosofia hatupi kikapu kizima kwa sababu ya ndizi mbili zilizooza. Kugawa nyama, kuomba ruhusa ya mwenye pori, kuacha aina fulani wasiguswe: hayo ni mambo ya haki na ya kiasi, hata kama sababu zilizotolewa hazikuwa zote njema.

Ushahidi mkubwa kuliko yote twaupata katika habari za Mwindo. Mwaka wa 1956 Mbeleji mmoja, Daniel Biebuyck, mtaalamu wa desturi za watu, alikuwa akikaa katika nchi ya Wanyanga. Msimulizi aliyeitwa Candi Rureke alimwimbia na kumsimulia habari hizo siku nyingi mfululizo, nazo zikaandikwa kwa Kinyanga. Mwaka wa 1969 zilitolewa kitabu huko Marekani, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha, mwenyewe mtoto wa Wanyanga. Wengi wetu twajua mwanzo wake tu: Mwindo, mwana wa Shemwindo wa Tubondo, ambaye baba yake hakutaka azaliwe, jinsi alivyomfuata baba yake mpaka kuzimu, na jinsi walivyopatana wakagawana nchi. Hapo wasimulizi wa siku hizi hupenda kumaliza. Lakini Rureke hakumaliza hapo.

Mwindo akiisha kuwa mwami alitamani nyama ya nguruwe wa pori, akawatuma Watwa wake wakamwindie. Huko wakakutana na Kirimu, dude kubwa la msituni, akawameza; mmoja akaponyoka, akaleta habari. Mwindo akaenda, akamwua Kirimu, na waliomezwa wakatoka wazima. Kila msikilizaji angoja sasa sifa za shujaa. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, ndiye Radi, na Nkuba aliposikia harufu ya rafiki yake akichomwa, alishuka akamchukua Mwindo juu. Alikaa huko mwaka mzima, akiteswa na baridi na mvua na jua, na kila mmoja wa wakaaji wa juu alimwonya. Aliporudishwa kijijini alikuwa na amri: asiue tena nyama yeyote, wa pori wala wa kijijini, hata mdudu mdogo. Siku atakayovunja amri hiyo, Nkuba atakuja kumchukua, wala hatarudi tena.

Fikirini jambo hili. Watu wanaoishi kwa kuwinda wanasimulia habari za shujaa wao mkubwa, na adhabu kubwa anayopata ni kwa ajili ya nyama aliyemwua. Wala hakumwua bure. Aliwaokoa watu wake. Hakuna Mnyanga aliyeacha kuwinda kwa sababu ya masimulizi hayo, na sidhani kwamba Rureke alitaka waache. Amri ilimpata mwami, mwenye nguvu kuliko wote, ambaye hakuna mtu wa kumzuia. Tena ilimpata kwa sababu nyama aliyemwua alikuwa na agano na mwingine, agano ambalo Mwindo hakulifikiri aliposhika silaha.

Wasomaji wa seminari wafungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 9. Ndiyo sura ambayo Mungu ampa Noe na watoto wake ruhusa ya kula nyama, ruhusa ambayo wawindaji wetu huitaja daima. Lakini mara moja ruhusa hiyo yawekewa mpaka: damu isiliwe. Na katika sura hiyo hiyo, mistari michache mbele, Mungu afanya agano, si na Noe na uzao wake tu, bali na kila kiumbe hai kilichotoka katika safina. Yule unayeruhusiwa kumla ni yule ambaye Mungu amefanya agano naye. Sisemi kwamba Candi Rureke alisoma kitabu cha Mwanzo. Nasema kwamba mhubiri anayehubiri juu ya agano la Noe huko Walikale hana haja ya kutafuta mfano Ulaya.

Sheria ya Musa nayo yajua mwindaji. Katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, mtu akikuta kiota njiani na mama amelalia makinda au mayai, aweza kuchukua makinda, lakini sherti amwachilie mama. Ni sheria ndogo kabisa, lakini kila mtega ndege wa kwetu aielewa bila kufafanuliwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kuua nyama kwa chakula cha mtu si dhambi kwa yenyewe, na katika jambo hili afuata Aristotele, aliyesema kwamba uwindaji ni jambo la haki kwa tabia ya viumbe. Mahali pengine asema kwamba Mungu aliwafundisha Waisraeli kuwahurumia nyama ili wazoee kuwahurumia watu. Katekismu ya mwaka wa 1992 yashika njia hiyo: yaruhusu chakula na mavazi, na yasema kwamba kutesa nyama na kuwaua bila lazima kwapingana na heshima ya mtu mwenyewe.

Kwa wapadri Eklezya ilikuwa kali zaidi. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka wa 1215, uliwakataza makleri kuwinda, hata kufuga mbwa na ndege wa kuwindia. Sheria ya Kanoni ya mwaka wa 1917, kanuni ya 138, iliwakataza kujitia katika uwindaji, na ule wa makelele, wenye kundi la watu na mbwa, haukuruhusiwa kamwe. Wanasheria wakafanya tofauti kati ya uwindaji wa kelele na uwindaji wa kimya, na katika nafasi hiyo bunduki ya misheni ilipata makao yake, kwani wamisionari wengi waliwinda ili kuwalisha wanafunzi na wafanyakazi. Sheria ya mwaka wa 1983 haitaji tena uwindaji kwa jina. Msifurahi mno: yadai bado padri aache yote yasiyofaa hali yake.

Wabeleji walituletea pia Mtakatifu Huberti, askofu wa Liège, aliyefariki mwaka wa 727, msimamizi wa wawindaji. Sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Hadithi yasema kwamba alikuwa akiwinda siku takatifu, akamwona paa mwenye msalaba kati ya pembe zake, akaacha maisha yake ya zamani. Ni ajabu kwamba wawindaji walimchagua kuwa msimamizi mtu ambaye nyama alimsimamisha asiwinde. Labda walisoma hadithi yake kama sisi tunavyosoma ya Mwindo, nusu ya kwanza tu.

Sasa tuje katika mambo ya Serikali. Kabla ya Wabeleji, pembe za tembo ndizo zilizowavuta wageni katika nchi zetu. Misafara ya Tippu Tip na wenzake ilifika Nyangwe na Kasongo kutafuta pembe na watumwa, na Kiswahili hiki tunachoandika kiliingia Maniema pamoja nayo. Kisha Dola ya mfalme Leopoldi ikajitwalia biashara ya pembe. Mwaka wa 1900 wajumbe wa nchi zenye makoloni walikutana London, na Dola ya Leopoldi kati yao, wakaandika mapatano ya kulinda nyama wa Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeulizwa. Katika mapatano hayo chui, ambaye kwetu ngozi yake ni ya mwami, aliwekwa katika orodha ya nyama waharibifu wa kupunguzwa.

Mwaka wa 1902 askari mmoja wa Ujerumani, Robert von Beringe, aliwapiga risasi gorila juu ya mlima Sabinyo, na gorila wa milimani wakaitwa kwa jina lake. Baada yake wakaja wengine, na hata mwana wa mfalme wa Uswidi, Wilhelm, alikuja kuwaua kwa ajili ya nyumba za makumbusho. Mwaka wa 1921 alikuja Mmarekani Carl Akeley, aliyetumwa na jumba la makumbusho la New York. Aliua gorila juu ya Mikeno na Karisimbi, akachukua ngozi zao. Wapo New York hata leo, wamesimamishwa kama wazima. Lakini jambo fulani lilimpata mtu huyu. Aliandika baadaye kwamba alipotazama uso wa mmoja aliyemwua, alijiona karibu kuwa mwuaji. Akaanza kusihi wakubwa wa Marekani na Ubelgiji milima ile ifungwe. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme Alberti wa Kwanza aliweka Hifadhi ya Albert, ambayo sasa yaitwa Virunga. Mwaka uliofuata Akeley alirudi, akafa kwa ugonjwa, akazikwa Kabara, chini ya Mikeno.

Toba ya Akeley naiheshimu. Lakini tazameni nani alilipa malipizi. Mzungu aliua, akasikitika, na mlima ukafungwa kwa mwenyeji ambaye hakuwa na makumbusho ya kujaza. Hifadhi ilipanuliwa mwaka wa 1929 na baada yake, na watu waliolima, kuchunga na kuwinda ndani yake waliondolewa. Amri ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi iliweka permi. Mwenye permi na bunduki nzuri aliitwa mwindaji. Mwenye kamba na mkuki aliitwa mwizi wa nyama, akatozwa lamande au akatiwa buloko, labda kwa nyama mmoja mdogo aliyetegwa katika pori la baba yake. Baada ya uhuru mambo hayakugeuka sana. Sheria ya tarehe 28 Mei 1982, iliyotolewa Kinshasa, yadai permi vilevile, na permi yatafutwa mbali na kijiji.

Hapa yafaa tukumbuke somo moja la teolojia ya maadili ambalo wazee wetu walifundishwa seminari: lex mere poenalis, sheria ya adhabu tu. Walimu wengi walisema kwamba kuna sheria ambazo anayezivunja hatendi dhambi, ila akikamatwa yampasa kukubali adhabu. Na mifano yao ya kila siku ilikuwa forodha, kuni za msitu wa mfalme, na uwindaji. Kwa nini uwindaji? Kwa sababu huko Ulaya wafalme walifunga misitu kwa ajili ya michezo yao. Wiliamu, mfalme wa Uingereza, alifunga nchi nzima hivi karibu na mwaka wa 1079, na maskini aliyetega sungura aliadhibiwa. Waungamishi walijua njaa za watu wao, wakatafuta njia ya kutowatwisha dhambi ya mauti kwa ajili ya sungura.

Je, somo hilo latosha kwetu leo? Nadhani latosha kwa nusu tu. Mtakatifu Tomaso asema kwamba sheria hufunga dhamiri ikiwa ni kwa mema ya wote. Gorila wa nchi yetu, yule wa Grauer anayeishi katika mapori ya Walikale na Kahuzi, haishi mahali pengine popote duniani ila mashariki ya Kongo. Miaka ya 1990 wataalamu walikadiria kwamba wako karibu 17.000. Mwaka wa 2016 walitangaza kadirio la 3.800, hesabu mpya ya mwaka wa 2021 ilisema 6.800. Hata kwa hesabu ile iliyo njema zaidi, zaidi ya nusu wametoweka katika maisha ya mtu mmoja ambaye bado ni kijana. Sheria inayokataza kumwua nyama wa namna hiyo si mchezo wa mfalme. Yalinda kitu ambacho wana wetu wana haki ya kukiona, na mkristu anayeivunja kwa faida asijifiche nyuma ya maneno ya Kilatini.

Lakini Tomaso huyo huyo, katika sura hiyo hiyo, asema kwamba sheria yaweza kuwa mbaya hata ikitafuta mema ya wote, ikiwa mizigo yake imegawanywa bila haki. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliwekwa tarehe 30 Novemba 1970. Watwa waliokaa katika sehemu yake ya juu waliondolewa, wala hawakupewa nchi ya kutosha mahali pengine. Mwaka wa 1975 hifadhi iliongezwa mara kumi, kutoka kilometa za mraba 600 mpaka 6.000, ikaingia hata Walikale. Mwaka wa 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyosema kwamba Serikali ya Kongo ilivunja haki za Watwa hao. Ilichukua zaidi ya miaka 50. Walimu wa pori walifanywa wezi wa pori, na kati yao wako ndugu zetu wabatizwa. Padri anayewahubiria juu ya gorila bila kutaja nchi yao sherti asishangae wasipomsikiliza.

Kisha vita. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na tangu siku ile bunduki zimekaa katika vijiji vyetu. Sitaki kurefusha habari hizo. Wasomaji wazijua kwa misiba yao wenyewe. Kwa swali letu yatosha kuona mambo mawili. Wenye bunduki hula porini, na risasi haichagui kama mkuki ulivyochagua. Tena bei ya kolta ilipopanda mwaka wa 2000, na baada ya mawe ya bati kugunduliwa Bisie mwaka wa 2002, maelfu ya watu waliingia pori la Walikale kuchimba. Hawakulima. Walitaka kula, na nyama ya moshi ikawa bidhaa. Mwindaji aliyekuwa akigawa sasa auza. Kwa maoni yangu hapo ndipo desturi ya nkambo ilipovunjika, zaidi kuliko katika mahubiri yoyote ya wamisionari. Nyama aliyegawanywa alikuwa na mpaka, kwani tumbo la kijiji lajaa. Soko halijai.

Basi, mwana wa Kashebere aliyekimbia vita na watoto wake, akatega panya wa pori au paa mdogo ili wale, katekista asimsumbue. Hatendi dhambi, na kama Serikali yamtoza lamande, ni juu ya Serikali kujibu mbele ya Mungu. Anayeua gorila au sokomutu, au kukamata mtoto wake ili amwuze kwa wageni, aambiwe wazi kwamba ni dhambi, na anayenunua pia. Anayempa mwingine bunduki ili auziwe nyama ni wa kwanza katika kosa, hata akikaa mjini, hata akitoa sadaka kubwa siku ya Noeli.

Lakini jambo ambalo ningependa katekista waliulize zaidi ni waya. Mtego wa kamba ya mti huoza. Mwenyewe akifa, au akikimbia, mvua za miezi michache zaumaliza. Waya wa chuma, unaotolewa katika mabaki ya magari na machimbo, hauozi. Wakaa ukiwa wazi, wakamata yeyote apitaye, mdogo kwa mkubwa, mama na mtoto, na gorila mdogo anayekatika mkono. Katika nchi ambapo watu wahama usiku bila kujua kama watarudi, mitego mingi ya waya imebaki porini bila mwenyewe, na nyama walionaswa ndani yake wanaoza bila mtu kuwala. Anayetega sherti apite kuangalia mitego yake. Kama anajua kwamba hawezi kupita, aifungue kabla ya kuondoka. Nimewasikia wazee wa Wanyanga wakisema hivyo, bila kutaja Nkuba wala Musa.